Fundo na Tumbo: Istilahi za Mpindo wa Wimbi kutoka Kifaransa hadi Kiingereza, na Kiswahili cha Mpakani Masinya

Waundaji wa istilahi za Kiswahili wamezoea kuanzia Kiingereza. Makala haya yanayahoji mazoea hayo kwa mfano mdogo, yaani istilahi za mpindo wa wimbi. Baadhi yake zilizaliwa katika Kifaransa, na zilipovuka kwenda Kiingereza zilipoteza picha iliyokuwa ndani yake. Anayetafsiri kutoka Kiingereza peke yake huurithi upotevu huo bila kujua.

Mwaka 1701, Joseph Sauveur wa Chuo cha Sayansi cha Paris aliandika juu ya uzi uliokazwa na kutetema. (Inasimuliwa kuwa hakujaliwa sikio wala sauti, naye ndiye aliyeipa elimu ya sauti jina lake la Kifaransa!) Sehemu za uzi zisizosogea aliziita *nœuds*, mafundo, sehemu zinazofura zaidi baina ya mafundo akaziita *ventres*, matumbo. Mpiga litungu yeyote ataelewa mara moja. Ukitundika vipande vyepesi vya karatasi juu ya uzi unaotetema hivyo, vilivyo kwenye fundo hutulia na vilivyo kwenye tumbo hurushwa.

Waingereza walilipokea fundo kwa sura ya Kilatini, *node*, neno ambalo mtoto wa shule halihusishi na kamba. Tumbo liliwatatiza zaidi. John Tyndall, mwaka 1867, aliandika *ventral segment*. Lord Rayleigh, mwaka 1877, akapendelea *loop*, yaani kitanzi. Hatimaye likashika *antinode*, ambalo maana yake ni kinyume cha fundo tu. Kitu kilichokuwa na mwili wake kikabaki kuitwa kwa kukanushwa kingine. Si kwamba Waingereza walikosea kila mara. Mpindo ambao Roberval aliuita mwenzi wa saikloidi, nao kwa hakika ni mpindo wa sini, waliutafsiri neno kwa neno, na picha ikasalimika.

Neno sini lenyewe lina safari ndefu zaidi. Wahindi walisema *jya*, uzi wa upinde. Waarabu wakaliandika kwa herufi zilizokuja kusomwa *jayb*, mfuko au kifua cha vazi. Watafsiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakaandika *sinus*. Kifaransa kimeihifadhi *sinus* hadi leo, na mpindo wake hukiita *sinusoïde*. Kiingereza kilikata mwisho na kubadili matamshi. Tungeyafuata matamshi hayo tungepata “saini”, na mwanafunzi angedhani anaombwa kutia sahihi. Sini ni afadhali: Mkongomani na Mkenya wote wawili wanaitambua.

Hapa ndipo Masinya inapoingia. Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka, hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini malori yatokayo Mombasa hupita Busia na Malaba kuelekea mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili huzungumzwa na shule za juu husoma kwa Kifaransa. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, istilahi iliyochotwa Kiingereza pekee si ya kikanda tena. Mwalimu wa Bukavu anayesema *ventre* akikutana na mwenzake wa Busia anayesema *antinode*, Kiswahili ndicho kinachoweza kuwapatanisha, mradi kisiwaletee “kinyume-fundo”.

Napendekeza kwa hiyo fundo, tumbo la wimbi na mpindo wa sini. Naomba pia kwamba orodha za istilahi zitakazopelekwa mbele ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ziwe na safu tatu, Kifaransa kikitangulia pale ambapo neno lilizaliwa huko. Safu ya nne, ya lugha za mpakani kama Kisamia, Ateso na Dhopadhola, ijazwe na walimu wenyewe. Wavuvi wa Ziwa Victoria wana maneno ya mafundo ya nyavu ambayo hakuna kamati iliyowahi kuwauliza.