Bastola ya Mwendesha Mashtaka: Maneno Mawili Yaliyotoka London

Sisi tulioko huku London tunaulizwa sana swali hili, hasa na jamaa waliosomea sheria Nairobi na Kampala: hivi mwendesha mashtaka wa serikali, ambaye kazi yake ni kuwapeleka jela majambazi na magaidi, aruhusiwe kutembea na bastola chini ya koti au la? Na hawakosi kuongeza, "Huko kwenu Uingereza inakuwaje?" Jibu fupi ni kwamba huku haipo. Mwendesha mashtaka wa London huingia Old Bailey na makabrasha yake tu. Lakini jibu fupi halitoshi, maana sheria ya Kenya wanayoilalamikia ilitoka hukuhuku.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 mtu wa London alikuwa anatembea na bastola mfukoni na wala si ajabu. Sheria ya 1870 ilimtaka akate leseni ya shilingi 10 posta, nayo ilikuwa kodi zaidi kuliko ulinzi. Ile ya 1903 iliwabana wanunuzi kidogo tu. Januari 1909, kule Tottenham, polisi waliokuwa wanawafukuza majambazi wawili waliazima bastola za wapita njia! Raia ndiye aliyekuwa na silaha, askari hana.

Mambo yaligeuka mwaka 1920. Kwa kawaida husimuliwa kwamba vita vilikuwa vimekwisha, askari wanarudi na bunduki, Urusi imepinduka, na mawaziri wanaogopa yaliyotokea Moscow yasije yakatokea London. Ni kweli, ila si yote. Kamati ya Sir Ernley Blackwell, iliyotoa taarifa yake 1918, iliogopa vilevile kwamba silaha zilizobaki vitani zingefika makoloni, mikononi mwa watu iliowahesabu kuwa washenzi. Yaani sisi. Hofu hiyo haikuwa ngeni: mwaka 1890, kule Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika ukanda mkubwa wa Afrika, pwani yetu ikiwemo, kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa. Kwa hiyo tulikuwemo ndani ya sheria ya London kabla haijatufikia.

Sheria hiyo ya 1920 ilimtaka mwombaji amwonyeshe mkuu wa polisi kwamba ana "sababu nzuri" ya kuwa na silaha. Basi, maneno mawili. Sababu nzuri ni ipi, haikusema; aliachiwa mkuu wa polisi apime. Mwanzoni kujilinda kuliweza kupita. Mwaka 1946 Waziri wa Mambo ya Ndani, Chuter Ede, aliliambia Bunge kwamba kutaka bastola ya kulinda nafsi au mali si lazima kutoshe kumpatia mtu cheti, na baadaye mlango huo ukafungwa kabisa. Angalieni: maneno ya sheria ni yaleyale, ila msomaji wake amebadilika. Cheo nacho hakikumsaidia mtu. Kisha Machi 1996, Dunblane, mtu mwenye bastola za leseni aliua watoto 16 na mwalimu wao, na mwaka 1997 karibu bastola zote zikapigwa marufuku Uingereza, Uskoti na Welisi.

Sikutaja Ireland ya Kaskazini, na si kwa kusahau. Marufuku ya 1997 haikufika huko. Asubuhi ya tarehe 16 Septemba 1974 IRA waliwaua Belfast jaji Rory Conaghan na hakimu Martin McBirney. Huko, mtu ambaye polisi wamethibitisha kuwa maisha yake yana hatari ya kweli anaweza kupewa bastola ya kujilinda. Serikali ni moja, na safari ni saa moja na kitu kwa ndege.

Sasa twende Kenya. Sheria ya silaha ya 1953 ilitungwa katikati ya Hali ya Hatari, na yale maneno mawili yakahamishwa karibu kama yalivyo. Mzungu wa mashamba aliingia hotelini na bastola kiunoni. Mwafrika aliyekutwa na risasi aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe, alipofikishwa mahakamani Nyeri mwaka 1956, alishtakiwa kwa kosa gani? Kupatikana na bastola na risasi bila ruhusa halali. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Haikusaidia, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Kwa maoni yangu, uhuru ulirithi usomaji wa yule mzungu wa mashamba, si wa Chuter Ede. Kujilinda kukabaki kuwa sababu nzuri kuliko zote, kwa mwenye jina na mali. Leseni zikatapakaa mpaka Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i akazifuta zote za raia na kuamuru wahakikiwe upya. Ndiyo maana jamaa zetu wanasema: kama tajiri anapewa, mimi ninayewashtaki wauaji nina kosa gani?

Na hoja yao ina damu ndani yake. Joan Kagezi, aliyeongoza mashtaka ya mabomu ya Kampala ya 2010, alipigwa risasi Kiwatule tarehe 30 Machi 2015, watoto wake wakiwa garini. Lakini tarehe hiyohiyo, mwaka 2013, huko Texas ambako mwendesha mashtaka mwenye leseni hubeba bastola bila taabu, Mike McLelland aliuawa nyumbani pamoja na mkewe, na alikuwa na kawaida ya kutembea na silaha tangu msaidizi wake, Mark Hasse, auawe Januari. Naye hakimu Monica Kivuti, Juni 2024, alipigwa risasi akiwa anaendesha kesi ndani ya hema Makadara, na aliyempiga alikuwa inspekta mkuu wa polisi. Bastola ingemfaa nini pale?

Mimi ningechukua kipimo cha Belfast: hatari iliyothibitishwa, si cheo, na kabla ya bastola kuwe na mlinzi, ukuta na mlango wa mahakama. Kesi aliyoiacha Kagezi ilimalizwa na wenzake. Mei 2016 washtakiwa saba walipatikana na hatia ya ugaidi, na watano kati yao wakafungwa maisha.