Shauri la Wengi katika Nchi ya Sale

Magharibi ya Ziwa Natron iko tarafa ya Sale, katika wilaya ya Ngorongoro. Hapo Wabatemi, ambao wageni huwaita Wasonjo, wamekaa tangu zamani wakilima mtama na viazi vitamu kwa maji ya chemchemi yaliyoongozwa mashambani kwa mifereji. Jirani zao ni Wamasai, watu wa mifugo. Nchi hii ni ndogo, lakini swali lake ni kubwa: ni nani mwenye haki ya kukata shauri la jambo linalowahusu wote?

Jibu la kwanza lilitolewa na baraza la wenamiji. Wazee hao walirithi ujumbe wao, wakagawa maji kwa zamu na kuisimamia mifereji. Mwenamiji alikuwa na zamu yake kwa haki; wengine walipata yao kwa kutoa ada au kwa kuomba. Baraza hilo halikuwa la usawa, wala mwanamke hakuwa na kiti ndani yake. Lakini aliyekata shauri alilima chini ya mfereji ule ule, na akikosea, hasara ilifika shambani kwake pia.

Jibu la pili lilikuja na serikali ya kikoloni. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi mkataba, ulioandikwa kwa Kiingereza, wa kuihama Serengeti ya magharibi. Mwaka uliofuata sheria ikaitenga Ngorongoro iwe hifadhi ambamo wafugaji wangeendelea kukaa. Wachache walisema kwa niaba ya maelfu. Na tangu hapo watu hawajaacha kuulizana kama wale wazee walitumwa na nani.

Baada ya uhuru likaja jibu la tatu. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, na baadaye Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ziliufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa baraza la watu wazima wote, wake kwa waume. Kwa maandishi, mjane wa Samunge akawa sawa na mwana wa mwenamiji. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka mpaka: ardhi ya kijiji ikitakiwa kugeuzwa kuwa hifadhi, mkutano una uwezo wa kukubali au kukataa ikiwa haizidi hekta 250, ikizidi hapo, mkutano hutoa maoni tu, na Waziri ndiye mwenye kuamua.

Uzito wa mpaka huo ulionekana Juni 2022, serikali ilipotenga kilomita za mraba 1,500 katika tarafa za Loliondo na Sale, yaani hekta 150,000, kuwa Pori Tengefu la Pololeti. Serikali ilitaja uhai wa wanyama na vyanzo vya maji. Wafugaji walitaja malisho yao. Septemba 2023 Mahakama Kuu mjini Arusha iliamua kuwa tangazo hilo halikuwa halali, kwa kuwa wanavijiji hawakushauriwa. Hukumu hiyo ilikuta eneo hilo limekwisha kutangazwa upya, tangu Oktoba 2022, kuwa pori la akiba.

Hivyo katika jambo dogo mwananchi wa Sale amepewa kauli, na katika jambo kubwa amepewa nafasi ya kusikilizwa, ambayo nayo ilibidi aidai mahakamani. Wenamiji hawakuwashirikisha wote, lakini madhara ya uamuzi wao waliyashiriki. Baraza la leo lenye kushirikisha wote litakuwa na maana pale tu ambapo mkataji wa shauri, aliye mbali na malisho na mifereji, atalazimika kuwasikiliza wanaokaa hapo kabla ya kuweka mipaka, si baada yake.