Mguu wa Kuku

Mjomba wangu ni soja kwenye lango moja huko Spring Valley. Vifaa vyake vya kazi ni rungu, tochi, filimbi, na mbwa wa mwenye nyumba ambaye mpaka leo hajakubali kumzoea. Mwenye nyumba ana bastola. Mjomba ameiona mara moja tu, siku mdosi alipoinama kuokota funguo na shati likapanda. "Kitu kidogo," aliniambia. "Mguu wa kuku kabisa."

Nilimkumbuka mwaka huu nilipopata kazi ya maneno elfu mbili. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda, na tangu hapo nawaandikia watu wa nje chochote wanachotaka: blenda, bima ya mbwa, mapazia. Safari hii mteja, Mmarekani, alitaka makala ya jinsi ya kuchagua bastola ndogo ya kubeba kila siku bila mtu kujua. Sijawahi kushika bastola. Ila njaa ni mwalimu, kwa hivyo kwa siku tatu nilisoma mpaka nikaongea kama fundi.

Somo lenyewe ni la kupima hasara. Bastola ikiwa ndogo inajificha vizuri chini ya fulana, lakini inaruka mkononi ukifyatua, na inabeba risasi chache. Ikiwa kubwa inatulia mkononi, lakini utaichoka na utaanza kuiacha nyumbani. Glock 43, iliyotoka 2015, inabeba risasi sita kwenye magazini. Mwaka wa 2018 SIG wakaleta P365, yenye mwili wa karibu ukubwa uleule, ikabeba kumi, na watengenezaji wengine wote wakalazimika kukimbizana nayo. Bastola ya nusu kilo hivi, bei yake kule karibu dola 500.

Mteja akataka pia aya mbili za historia. Mimi nikaanza na Nairobi, kwa sababu ndiyo historia ninayotembea juu yake. Akazifuta zote. Alisema hazihusiani. Basi wacha niziandike hapa, bila haraka.

Tuanze usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941. Josslyn Hay, Lodi Erroll, alikutwa amekufa ndani ya Buick yake karibu na makutano ya barabara za Karen na Ngong, akiwa amepigwa risasi kichwani kwa bastola ndogo ya .32. Alikuwa na umri wa miaka 39, na kila mzungu wa Muthaiga Club alijua kwamba alikuwa akipendana na Diana, mke kijana wa Sir Jock Delves Broughton. Polisi wakamkamata Broughton.

Sasa shika jambo hili. Siku chache kabla ya mauaji, Broughton alikuwa ameripoti kwamba bastola zake mbili aina ya Colt zimeibwa. Kwa hivyo kesi nzima ikawa ni kutafuta kitu ambacho hakipo. Polisi walienda mpaka shamba moja kule Nanyuki ambako aliwahi kufanya mazoezi ya kulenga, wakaokota risasi za zamani, wakajaribu kuonyesha kwamba zimetoka kwenye mtutu mmoja na zile zilizomuua Erroll. Wakili wake, Harry Morris, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, alijibu kwa hesabu ya mifereji iliyo ndani ya mtutu. Colt ina mifereji sita inayojipinda kwenda kushoto. Risasi za mauaji zilikuwa na alama za mifereji mitano, zikijipinda kulia. Tarehe 1 Julai 1941 jopo la wazungu watupu likamwachilia. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo kile, na watu bado wanaandika vitabu na kutengeneza filamu kuhusu nani alifyatua.

Bastola ilipotea, mwenyewe akaenda nyumbani.

Ruka miaka kumi na mbili. Oktoba 1952 Hali ya Hatari imetangazwa. Tarehe 24 Januari 1953, siku ileile ya kalenda aliyouawa Erroll, familia ya Ruck iliuawa shambani kwao Kinangop, na siku mbili baadaye masetla wakaandamana hadi nyumba ya gavana, mahali tunapopaita Ikulu leo. Kuanzia hapo bastola ikawa sehemu ya mavazi ya mzungu wa Kenya. Wanaume waliingia hotelini nayo kiunoni. Wanawake waliitia kwenye mkoba, na jioni ikakaa mezani kando ya sahani ya supu huku mpishi Mwafrika akiingia na kutoka. Kuipoteza kwa uzembe kulikuwa kosa, kwa hivyo walikula nayo na kulala nayo. Maswali yale niliyokuwa nikimjibia Mmarekani wangu, ya ukubwa, uzito, na uifiche wapi, kuna akina mama wa Limuru na Karen walioyajadili kwenye chai ya saa kumi miaka sabini iliyopita.

Wakati uleule, kwa Mwafrika, kitu kilekile kilikuwa kitanzi. Kanuni za Hali ya Hatari zilifanya kupatikana na silaha, au hata risasi tu, kuwa kosa la kunyongwa. Mwanahistoria David Anderson alipohesabu rekodi za mahakama alipata watu 1,090 walionyongwa kwa kesi za Mau Mau. Chini ya nusu yao ndio waliohukumiwa kwa kuua. Mamia walikufa kwa sababu ya kilichopatikana mikononi au mifukoni mwao.

Mmoja wao unamjua. Dedan Kimathi alipigwa risasi ya paja na kukamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Ukiuliza watu kumi pale stendi aliuawa kwa kosa gani, tisa watakuambia uasi, au mauaji, au "kupigania uhuru". Hati ya mashtaka haikusema hivyo. Ilikuwa na makosa mawili: kupatikana na bastola ya .38 aina ya Webley Scott, na kupatikana na risasi sita. Basi. Mtu aliyekuwa ameongoza vita msituni kwa miaka alihukumiwa kwa kitu kinachoingia kwenye mfuko wa koti. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, aliyeketi Nyeri na wazee wa baraza watatu Waafrika, hakukubali. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humohumo gerezani kaburi lisilo na alama.

Ukipita Kimathi Street, simama uangalie sanamu yake, ile iliyozinduliwa 2007. Ana bunduki ndefu mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Bastola hayupo nayo. Naelewa kwa nini: sanamu inataka shujaa wa msituni, na mguu wa kuku hauonekani vizuri kutoka barabarani. Lakini serikali ilimnyonga kwa kile kidogo.

Na sheria? Sheria ya Silaha tunayotumia, Sura 114, ilianza kazi 1954, katikati ya vita vile. Imerekebishwa mara nyingi, ila mbegu yake ilipandwa na watu waliokuwa na bastola mezani, wakimwogopa mpishi.

Tulipopata uhuru, bastola haikurudi kabatini. Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi kwenye njia ya kuingilia nyumba yake Westlands, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma cha gari. Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, Tom Mboya alitoka kwenye duka la dawa Government Road, siku hizi Moi Avenue, akapigwa risasi kwa bastola ya .38. Sanamu yake iko hatua chache kutoka pale. Kutoka kwa Kimathi hadi kwa Mboya ni mwendo wa dakika tano, na ukitembea utapishana na wauza miwani, wahubiri, na watu wa kukuuzia laini ya simu, wote wakipiga kelele kama kawaida.

Februari 1990 mwili wa waziri Robert Ouko ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, umechomwa, na bastola yake kando. Maneno ya kwanza kutoka juu yaliashiria kwamba huenda alijiua. Mpelelezi wa Scotland Yard, John Troon, alisema la: aliuawa. Lakini angalia kazi iliyopewa ile bastola. Haikuwa hapo kumlinda mtu. Ilikuwa hapo kusimulia hadithi.

Hapa ndipo mtaa unapoingia, na hapa ndipo Mmarekani wangu alipochoka kunisoma. Sisi tuna neno, bonoko. Ni bastola feki. Lilienea nchi nzima baada ya kijana wa mtaani kuhojiwa kwenye runinga, akieleza jinsi polisi walivyompiga mtu risasi kisha wakamwekea bonoko kando ili aonekane jambazi. Mahojiano yakageuzwa kuwa wimbo, tukacheka, tukadansi. Mathee hakucheka. Tangu nikiwa darasa la sita alinifunza kama dini: karao akikusimamisha usikimbie, toa mikono mfukoni polepole, na ukiona kitu cheusi chenye umbo lile kimeanguka njiani, kipite kama mavi ya mbwa. Alikuwa ananifunza sheria ya 1953 bila kujua. Katika mji huu kuna watu ambao bastola ni yao, na kuna watu ambao bastola huwekwa karibu nao.

Nisiwe mjinga lakini. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia Westgate, si mbali na lango la mjomba. Watu 67 waliuawa. Vikosi vya serikali vilichelewa kujipanga, na kati ya waliotangulia kuingia walikuwa raia wenye leseni, na bastola zao za kiunoni dhidi ya AK-47. Abdul Haji aliingia kumtafuta ndugu yake, akajikuta anatoa watu asiowajua. Ile picha ya mtoto mdogo akimkimbilia, mkono wake umenyooshwa, ilizunguka dunia nzima. Kama ningekuwa nimelala sakafuni pale siku ile, ningemshukuru Mungu kwa kila mguu wa kuku uliopita mlangoni. Hilo siwezi kulifuta kwenye hadithi kwa sababu tu halinifai.

Januari 2020, klabuni Kilimani, DJ akiwa kazini alipigwa risasi ya shingo kwa bastola ya mtu mwenye leseni. Hilo pia haliwezi kufutwa.

Kati ya mlango ule wa Westgate na klabu ile kuna fomu. Mwombaji wa leseni lazima atoe sababu nzuri ya kuhitaji silaha, na polisi wachunguze tabia yake. Mwaka wa 2018 wenye leseni wote waliitwa wakaguliwe upya. Ni mambo ya maana. Ila hilo la sababu ndilo hunikaa kichwani. Mwenye nyumba anaweza kuandika: nina mali, naogopa wezi. Mjomba anayekutana na wezi hao kwanza, saa nane usiku, ataandika nini? Anayelindwa ana bastola, anayelinda ana rungu.

Nilituma ile makala bila Nairobi ndani, nikalipwa. Jumapili nikampelekea mjomba unga na sukari. Tukanywa chai kwenye kibanda chake cha langoni, nikamweleza nilichokuwa nikiandika, na bei. Akahesabu kwa vidole: mishahara minne, kama hakuna mwezi waliokawia kulipa.

"Na wewe ukipewa ya bure ungebeba?" nikamuuliza.

Akacheka. Akaniuliza kama najua kilichompata soja aliyeokota bastola ya wezi baada ya wao kukimbia, akaishika vizuri ili aikabidhi polisi watakapofika. Nikasema sijui.

"Walifika," akasema, akanimiminia chai tena.