Mfungo wa Mvutaji: Tumbaku Katika Ramadhani na Kwaresima



Mwaka 2025 mifungo miwili ilikutana. Mwezi wa Ramadhani uliandama mwanzoni mwa Machi, na Wakristo wakaanza Kwaresima yao Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi. Sisi tulikuwa kazini, cherehani hazilali kwa nguo za Sikukuu, akaja jirani yetu mmoja Mkristo kuchukua gauni lake. Tumezoea kumwona na kikopo cha ugoro mkononi, siku hiyo hana. Tukamuuliza kimekwenda wapi. Akasema ameuacha kwa ajili ya Mungu mpaka Pasaka. Tukamtania kuwa basi usiku anajilipa. Akashangaa kweli. "Usiku ndiyo nini? Kuacha ni kuacha, mchana na usiku."

Tukatazamana. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake moyoni, mume au kaka au mkwe, ambaye adhana ya Magharibi ikilia hushika tende kwa mkono mmoja na kibiriti kwa mkono wa pili. Mtu huyo amefunga, hatusemi hakufunga. Lakini neno la jirani yetu lilitukaa, tukaanza kuuliza na kusoma. Tumbaku iliingiaje katika habari za mfungo, kwetu na kwao? Na kwa nini watu wanaweza kuiacha kisha wakairudia?

Mgeni asiyekuwamo vitabuni

Jambo la kwanza, dada zetu, tumbaku ni mgeni. Asili yake ni bara la Amerika. Wazungu waliijua baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na katika miji mikubwa ya Waislamu kama Istanbul na Cairo ilienea karibu na mwaka 1600. Hata jina letu "tumbaku" ni la ukoo mmoja na "tabaco" la Wahispania. Kwa hiyo Mtume wetu (s.a.w.) hakuiona, wala Imamu Shafi hakuiona. Ilipofika, vitabu vya fiqhi vilikuwa vimekwisha kuandikwa kwa karne nyingi, na masheikh wakalazimika kukaa chini na kufikiri upya.

Swali la Ramadhani lilikuwa gumu kuliko tunavyodhani leo. Katika madhehebu yetu, saumu huvunjwa na kitu chenye mwili kinachoingizwa ndani kwa kukusudia. Je, moshi una mwili? Mtu akipita palipofukizwa udi, au akipuliza jiko la makaa, hatumwambii kuwa amefungua. Basi moshi wa tumbaku una tofauti gani?

Wanazuoni wa Kishafi wamehifadhi kisa cha Sheikh Ali al-Ziyadi wa Misri, aliyefariki mwaka 1615. Mwanzo alitoa fatwa kuwa moshi wa tumbaku haufunguzi. Hakuwa mvutaji na hakuujua uhalisia wake. Baadaye akaonyeshwa mwanzi wa kuvutia, akaona ndani yake masizi yaliyoganda. Akajua kuwa moshi ule unabeba kitu, na kinachoganda kwenye mwanzi kinaganda pia ndani ya mtu. Akairudi fatwa yake, akasema unafunguza. Al-Shurunbulali, mwanachuoni wa Kihanafi wa Misri aliyefariki mwaka 1659, naye aliandika kuwa mvutaji amefungua bila shaka. Leo hata mtoto wa chuoni anajua jibu hilo, lakini lilipatikana kwa sheikh mkubwa kukubali kuwa alikosea.

Ama hukumu ya tumbaku yenyewe nje ya mfungo, hapo walivutana sana. Katika Cairo hiyo hiyo, Ibrahim al-Laqani aliandika kuikataza, na al-Ujhuri, wa madhehebu hayo hayo ya Malik, akaandika kuihalalisha. Abdul-Ghani al-Nabulsi wa Damascus naye aliitetea. Maibadhi wa Oman walikuwa wakali zaidi, na Imamu Azzan bin Qays, aliyetawala Muscat mwaka 1868 hadi 1871, aliipiga marufuku. Waliotetea hawakuwa na vipimo vya hospitali za leo. Hawakujua habari za saratani ya mapafu. Tusiwatukane, ila tusijifiche nyuma yao.

Na Wakristo je?

Tulidhani swali hili ni letu peke yetu. Kumbe Wakatoliki walilipata kabla yetu, maana wao ndio waliofika kwanza inakoota tumbaku. Katika miaka ya 1580 mabaraza ya maaskofu wa Peru na Mexico yaliwakataza mapadri kutumia tumbaku kabla ya kusali misa, kwa kuwa padri alitakiwa awe hajala kitu. Hata chokoleti iliwasumbua. Mwaka 1636, Antonio de León Pinelo alichapisha kitabu kizima mjini Madrid kuuliza kama kinywaji cha chokoleti kinavunja mfungo. Mwaka 1642 Papa Urban VIII aliwatishia kuwatenga na Kanisa watakaotumia tumbaku ndani ya makanisa ya jimbo la Seville. Mwaka 1725 Papa Benedict XIII, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa ugoro, akalegeza makatazo ya namna hiyo.

Lakini sheria ya Kwaresima yenyewe ilihusu chakula, hasa nyama na idadi ya milo. Tumbaku haikuhesabiwa kuwa chakula, ikabaki nje. Ndiyo maana Mkristo anayeiacha kwa siku 40 anaiacha kwa nadhiri yake mwenyewe. Huyu anaacha sigara, yule pombe, mwingine sukari. Kwetu mvutaji analazimika kuacha mchana, na usiku hakuna wa kumuuliza. Kwao halazimiki kabisa, lakini akinuia, saa zote 24 ni zake na Mungu wake.

Tofauti hiyo si ya dini tu, ni ya mwili pia. Madaktari wanaeleza kuwa mtu akiacha nikotini, shida kubwa huwa siku mbili tatu za mwanzo: hasira, kichwa kuuma, usingizi kuruka. Ndiyo hiyo vijana wanaita arosto. Baada ya wiki tatu au nne hupungua sana. Basi anayeacha usiku na mchana hupanda kilima hicho mara moja akakivuka. Mvutaji wetu wa Ramadhani hupanda kila siku mpaka katikati, Magharibi akateremka, kesho akaanza tena chini. Anateseka siku 30 na hafiki popote. Maskini, ile mikunjo ya uso ya saa kumi alasiri, tunayoambiwa ni njaa, mara nyingi ni sigara inamwita.

Marufuku ya mfalme na mkono wa mke

Watawala walijaribu njia ya nguvu. Mwaka 1633, baada ya moto mkubwa kuunguza Istanbul, Sultani Murad IV alipiga marufuku tumbaku na akawaua waliokamatwa wakivuta. Watu walivuta kwa kujificha. Alipofariki mwaka 1640 marufuku yakalegea, na haukupita muda Sheikh al-Islam wa dola hiyo hiyo, Bahai Efendi, mvutaji mwenyewe, akatoa fatwa ya kuiruhusu.

Kisa kilichotugusa zaidi ni cha Iran, kwa sababu kina wanawake ndani yake. Mwaka 1890 Nasir al-Din Shah alimpa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya kununua, kuuza na kusafirisha tumbaku yote ya nchi kwa miaka 50. Wakulima na wafanyabiashara wakawaka. Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la mwanachuoni mkubwa Mirza Hasan Shirazi, kwamba kutumia tumbaku kwa wakati huo ni haramu. Nchi nzima ikaacha. Maduka ya tumbaku yakafungwa, na viko vya maji, ndugu wa shisha ya leo, vikawekwa kando.

Vikawekwa kando hata ndani ya jumba la mfalme. Wake zake na watumishi wao walikataa kumtayarishia kiko. Inasimuliwa kwamba alipouliza nani ameiharamisha, mkewe Anis al-Dawla alimjibu kuwa ni wale wale waliowahalalisha wao kwake. Januari 1892 Shah akaufuta mkataba, na ikambidi alipe fidia ya pauni 500,000. Sultani Murad na majeshi yake hakuweza, lakini wanawake wa ndani waliofunga mikono yao walimshinda mfalme.

Mwisho wake tuuseme pia. Mkataba ulipofutwa, fatwa ikaondoshwa, na watu wakarudi kuvuta. Walikuwa wameacha kwa ajili ya Mwingereza. Mwingereza alipoondoka, sababu nayo ikaondoka.

Tambuu ya harusini

Sasa turudi kwetu, maana si wanaume peke yao. Nani kati yetu hajaona sinia la tambuu kwenye shughuli, na bibi au somo akikunja jani, chokaa, popoo, na kipande cha tumbaku ndani? Tukisema tumbaku iachwe, huambiwa kuwa hiyo ni mila, ni heshima ya bi harusi.

Mila ni kongwe, kweli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa majani ya tambuu na popoo. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kuwa jamaa zao wa Oman hawakuipenda tambuu, lakini wanawake waliozaliwa huku walitafuna, hasa waume wakiwa hawapo. Mnacheka, lakini ndivyo tulivyo.

Hebu tazameni hiyo miaka. Mwaka 1331 tumbaku ilikuwa bado haijavuka bahari. Sinia la heshima lilikuwapo pwani hii zaidi ya miaka 150 kabla ya Columbus, na halikupungukiwa na kitu. Kwa hiyo tumbaku ndani ya tambuu ni kiraka kilichotiwa baadaye, na sisi mafundi tunajua kiraka kinafumuliwa na nguo ikabaki nguo.

Tusidanganyane lakini. Popoo nayo si salama. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa tambuu husababisha saratani ya kinywa hata isipokuwa na tumbaku. Heshima ya bi harusi yetu inaweza kukaa kwenye asumini, udi, halua na kahawa, na bibi zetu wasione wamevunjiwa kitu.

Nyumba inayoanza

Tunawaandikia mabibi harusi kwa sababu nyumba mpya ndiyo pahali pepesi pa kuanza. Moshi wa sigara haumdhuru mvutaji tu. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na baadhi yao hawakuvuta, walikaa tu na wavutaji. Mama mjamzito akikaa kwenye moshi, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Na Mola wetu, katika Surat al-Baqara aya ya 195, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

Basi zungumza na mchumba wako mapema, kwa upole, kabla ya nikaha. Siku ya kupanga nyumba usinunue kisahani cha majivu. Ramadhani ikija, msimwombe aache mchana, huo ameshauacha. Muombe usiku. Akifuturu, mtie kahawa, mpe mswaki, nendeni tarawehe pamoja. Siku tatu za mwanzo mvumilie akinuna, maana ndicho kilima chenyewe. Akifika Sikukuu hajavuta, atakuwa amekivuka. Na kama mwenye uraibu ni wewe, dada, iwe ya tambuu au shisha ya kujificha, nasaha ni hii hii.

Jirani yetu alirudi baada ya Pasaka kushona nguo nyingine. Tukamtazama mikono. Hakuwa na kikopo. Tulipomuuliza alicheka, akasema siku 40 zilipokwisha alikitafuta, akaona hana hamu nacho.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kuacha kwa ajili Yake, na atujaalie tusikirudie tulichokiacha. Amin.