Picha ya Ubongo, Si ya Akili

Kiswahili kilitenga ubongo na akili zamani. Ubongo una uzito, una mishipa, huvuja damu. Akili, neno tulilolitwaa kwa Waarabu, haishikiki: mtu huitia kazini, huazima ya mwenzake, nayo humruka. Ndiyo maana linanikera hili la ndugu wa mgonjwa kutoka Singida kwenda Dodoma mgonjwa wao "akapigwe picha ya akili". Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa yenye mashine ya MRI. Picha ya akili haipo hata huko.

Picha ya ubongo ipo, nayo ina thamani kubwa. Chukua kifafa, ambacho kwetu hutibiwa mara nyingi kwenye kliniki za afya ya akili. Ng'ambo ya mpaka wa Mkalama, wilaya ya mkoa wa Singida, upande wa Mbulu, ipo Hospitali ya Haydom. Watafiti, wakiwamo Andrea Winkler na William Matuja, waliwapima kwa siti skani watu wenye kifafa wa maeneo hayo, wakatoa matokeo mwaka 2009: baadhi yao walikuwa na mabuu ya tegu wa nguruwe ubongoni. Kwenye filamu, buu hai ni kiduara cheusi chenye kidoa cheupe ndani. Kidoa hicho ndicho kichwa cha mnyoo. Akishakufa na kukauka, hubaki nukta nyeupe tu. Mayai ya tegu humwingia mtu kwa chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mwenye tegu, kwa hiyo hata asiyeonja kitimoto hayuko salama. Hapo picha imetaja chanzo, na choo bora kinakuwa kinga ya kifafa.

Skizofrenia na sonona hazikubali kuonekana hivyo. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake, Uingereza, walionyesha kwa siti skani kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliowapima walikuwa na vyumba vya maji ya ubongo vilivyopanuka kuliko vya watu wazima wa afya. Ugunduzi mkubwa, ila ni wa kundi kulinganishwa na kundi. Filamu ya mtu mmoja haitoshi kumpa jina la ugonjwa. Zile picha za rangi nazo, zinazosemwa kuwa ubongo "umewaka", hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu, na rangi hupakwa na kompyuta. Kwa upande wa tiba kuna hatua: mwaka 2022 Marekani iliruhusu tiba ya sumaku inayoelekezwa na picha ya ubongo kwa sonona iliyoshindikana kwa dawa.

Neno linaloumiza kuliko yote ni "picha safi". Daktari anamaanisha hakuna uvimbe, damu wala kovu. Nyumbani linasikika hivi: hana ugonjwa, anajifanya. Kijana anayesikia sauti anaanza kufokewa, dawa zinawekwa kando. Afadhali majibu yatamke kilichotafutwa na kisichoonekana, kisha yaseme wazi kwamba ugonjwa wa akili hutambuliwa kwa mazungumzo marefu na mgonjwa na wanaoishi naye.

Ndugu msomaji, ukikabidhiwa "picha safi", usimwachishe mgonjwa wako dawa. Mrudishe kliniki tarehe aliyopangiwa, na umuulize daktari picha ile ilikuwa ikitafuta nini.