Uhakiki wa picha za kidijitali

Uhakiki wa picha za kidijitali ni desturi ya wapiga picha wa ridhaa kuonyeshana kazi zao na kukosoana kuhusu mwanga, mpangilio na uhariri, yaani marekebisho yafanywayo kwa programu kama Photoshop, iliyotolewa na Adobe mwaka 1990. Sifa tupu zisizotaja sababu hazimfai mpiga picha, hivyo mhakiki makini huanza na histogramu, mchoro unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kuanzia 0, weusi mtupu, hadi 255, weupe mtupu. Kanzu nyeupe iliyopigwa katika jua la adhuhuri ikifikia 255 kote, mikunjo na darizi zake hupotea, na katika faili la JPEG hakuna uhariri wa kuvirejesha; faili ghafi, linalohifadhi data za kihisi kabla ya kubanwa, mara nyingi huokoa sehemu ya vilivyopotea.