MacGregor: Jina Lililopigwa Marufuku

MacGregor, jina la ukoo wa nyanda za juu za Uskoti, maana yake ni mwana wa Gregor. Gregor ni Gregory, jina lenye asili ya Kigiriki: aliye macho. Mwaka 1603, baada ya ukoo huo kuwaua watu wengi wa ukoo wa Colquhoun katika bonde la Glen Fruin, serikali ya Mfalme James VI ililipiga jina lenyewe marufuku. Aliyeendelea kujiita MacGregor alistahili kifo. Ilikuwa adhabu ya kikatili, kwani iliwaangukia hata wasioshika upanga. Wengi walichukua majina ya koo nyingine. Rob Roy, mmoja wa watu mashuhuri wa ukoo huo, alitumia Campbell, jina la upande wa mama yake. Marufuku iliondolewa mwaka 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa kabisa 1774.